Hatari ni Hatari

Cherehani haina mdomo, ila mwenye cherehani hii alikuwa na wa kuwatosha wote wawili. Mtaa mzima ulimwita Profesa. Jina alipewa kwa kejeli na mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali akaishia kufundishwa maana ya haki, lakini mwenyewe alilipokea kwa mikono miwili, akalivaa, likamkaa.

Shule aliiacha mapema. Alichojua alikipata kwenye simu, iliyoegemezwa kwenye kopo la nyuzi kando ya cherehani, ikisema peke yake kutwa nzima. Video zenyewe alizisikiliza tu, kuziangalia hakuziangalia, kwa sababu macho ya fundi yakihama kwenye sindano, kidole ndicho kinachoumia. Asubuhi ilikuwa zamu ya falsafa. Kulikuwa na mwalimu mmoja kijana, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri, aliyeanza kila somo kwa kusema, "Kaa, tuulizane." Siku moja aliuliza: koti likibadilishwa vifungo, kesho mikono, keshokutwa kitambaa chote, je, bado ni koti lile lile? Profesa alijibu bila kusimamisha mguu: koti ni la aliyelileta, basi.

Mchana ilikuwa zamu ya nesi. Huyu alikuwa mama wa makamo, na alieleza mirija na mayai na mji wa mimba bila kumung'unya maneno, kiasi kwamba wateja wanaume walitupa nguo mlangoni wakasema watarudi kesho. Wanawake walibaki. Wakiwa na swali hawakumuuliza nesi wa kwenye simu, ambaye hasikii, walimuuliza Profesa, na Profesa hakuwahi kukosa jibu.

Tatizo ni kwamba duka ni duka. Nesi akifika katikati ya jambo, anaingia mtu na zipu iliyokatika. Profesa anabonyeza, nesi ananyamaza, na mara nyingi hakurudishwa tena aseme kilichobaki. Kichwa cha Profesa kilijaa masomo yasiyokunjwa pindo. Yeye hakujua hivyo. Mwenye nusu ya jambo hana alama inayomwonyesha kwamba ni nusu.

Alhamisi moja akaja wifi yake kupima gauni. Huyu alikuwa mke wa mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, na mawifi hawa wawili walipendana kweli, si mapenzi yale ya kuchekeana mbele ya watu. Gauni lilikuwa la kitambaa cha kijani, zuri, bado halijatiwa mikono.

"Mikono ifanye mirefu, wifi," alisema akijitazama kwenye kioo. "Nataka niende nimejisitiri. Jumapili ya wiki ijayo Mama ameitisha kikao, si unajua?"

Profesa alijua. Mama yake alikuwa ameshaanza kusema kwamba mkwe wake amechoka, aende kwao akapumzike kidogo. Katika familia ile aliyepelekwa kwao kupumzika hakurudi. Shangazi yao mmoja alikuwa bado anapumzika, mwaka wa kumi na tisa huu.

"Na wewe umekubali?"

"Nimechoka kukataa. Miaka mitatu ya ndoa, mimba moja, nayo iliharibika. Mama ana haki ya kutaka wajukuu. Nitaenda, lakini niende nimevaa vizuri, kwetu wasije wakasema nilikuwa nateswa. Sijateswa. Ndugu yako ni mtu mwema."

"Hospitali wanasemaje?"

"Hawaoni kitu. Yeye mzima, mimi mzima, tulieni, endeleeni kujaribu. Sasa tujaribu vipi tena, wifi? Masharti yote tumeyafuata. Hata zile siku zako za hatari hatujazivunja hata mara moja. Leo ni ya tisa, kesho ndugu yako anahamia kwenye kochi. Siku hizi simkumbushi, anabeba shuka lake mwenyewe."

Mguu wa Profesa ulisimama kwenye cherehani.

"Bado mnazifuata?"

"Tangu uliponifundisha. Kwa nini?"

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanawake wawili wakisubiri sketi zao. Walikuwa wakisikiliza bila aibu, kama wanavyosikiliza watu wa mabenchi. Profesa alitazama benchi, akamtazama wifi yake, akasema, "Hapana, nilikuwa nauliza tu. Geuka nikupime bega."

Wifi yake alipoondoka, Profesa alikata mikono ya gauni, akaishona. Ilipokwisha akaona ameshona miwili ya kushoto.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mimba ile ilipoharibika, nesi wa hospitali alimwambia wifi apumzike miezi mitatu kabla ya kushika nyingine. Wifi akaja dukani, macho mekundu, kuuliza afanyeje ili isiingie haraka. Na Profesa, ambaye wiki ile ile alikuwa amesikia somo la kuhesabu siku, aliona Mungu amempa mwanafunzi. Alichukua futi yake ya kupimia, ile ya manjano anayoivaa shingoni, akailaza mezani. "Siku ya kwanza ya damu ni sentimita ya kwanza," alisema. "Kila asubuhi unasogeza pini hatua moja. Ukifika ishirini na nane, unarudi mwanzo." Kisha akafunga uzi mwekundu kwenye kumi, na mwingine kwenye kumi na saba. "Humu katikati ni siku za hatari. Usimkaribie mumeo."

Wifi aliitazama futi. "Hatari kwa nini?"

Hapo ndipo palipoharibikia. Profesa alijua jibu. Nesi wa kwenye simu alikuwa akiwasemesha wanawake wasiotaka mimba, na kwao hatari ilikuwa hiyo mimba yenyewe. Kulieleza kungechukua pumzi mbili. Lakini swali lilimkuta amepanda juu ya kilele cha ujuzi wake na hakutaka kushuka, basi akajibu kwa mbwembwe: "Hatari ni hatari, wifi. Ukiona kibao cha hatari kwenye nguzo ya umeme, fuvu na mifupa, huwa unagonga mlango wa shirika kuuliza kwa nini?"

Walicheka wote wawili. Wifi aliondoka na futi mkobani, akiamini kwamba siku zile ni hatari kwa tumbo la mtu kama yeye, na kwamba mimba ikiingia humo lazima ianguke. Miezi mitatu ilipita, na hakuna aliyemwambia afungue zile nyuzi. Profesa alinunua futi nyingine, akasahau. Wenzake kule nyumbani hawakusahau. Kwa miaka miwili na ushee mume na mke waliotaka mtoto kuliko kitu chochote walikuwa wakikutana siku zote za mwezi, isipokuwa zile nane ambazo mtoto hupatikana.

Alipolitafuta lile somo kwenye simu alilikuta. Safari hii aliliangalia kwa macho. Kumbe alikuwa amelikatiza dakika ya tisa. Kwenye dakika ya kumi na moja nesi alisema polepole, kama anayemsemesha yeye: "Na wewe unayetafuta mtoto, siku hizi hizi ndizo zako. Zishike."

Profesa alilia, kisha akanawa uso, kisha akaanza kujitetea.

Kwenda kumwambia ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ijumaa alisema ana kazi nyingi. Jumamosi alisema maneno kama yale hayasemwi kwa haraka. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa macho ya wifi yake, aliogopa mdomo wa Mama, na zaidi ya yote, aibu iliyoje, aliogopa kuwa mshona nguo tu. Akafikiria kupita kando: amtumie video bila maneno, au aseme wataalamu wamebadilisha hesabu, siku hizi za hatari ndizo nzuri. Hata yeye aliona uongo huo umekaa upande.

Akamkimbilia mwalimu wa falsafa. Alitafuta mpaka akapata somo lenye kichwa alichokitaka: Asiyejua ana kosa? "Kaa, tuulizane," alisema kijana. "Mtu amekupa maji, hakujua yana sumu. Ukiugua, utamwita mwuaji?" Hapana, akajibu Profesa kwa sauti, dukani hakuna mtu. "Wengi watasema hapana," akakubali mwalimu. "Lakini—"

Profesa akabonyeza. Hakuna mteja aliyeingia. Hakuna zipu iliyokatika. Alimnyamazisha kwa sababu alikuwa ameshapata alichokuja kuchukua, na kwa siku mbili alikitembeza kichwani: hakujua, hakujua, hakujua.

Jumatatu akaja mdogo wake, mkono mmoja umeshika kiuno. Alikuwa na miwani yake ya kuchomelea kichwani na harufu ya chuma kilichoungua.

"Dada, niokoe. Lile kochi litanizika. Lina shimo katikati kama kaburi la kuku."

"Umelala tangu lini?"

"Tangu Ijumaa, bado siku tano. Nishonee mto, sponji nene, nijaze lile shimo." Akacheka, kisha akaacha. "Sijui kwa nini nahangaika. Akishaondoka, kitanda chote changu."

Walikuwa wawili tu. Hakukuwa na benchi wala Mama. Ilikuwa siku ya kumi na tatu, na Profesa aliijua tarehe hiyo kuliko alivyojua umri wake. Alifungua mdomo. Mdogo wake akamtazama kwa imani ile ile aliyomtazamia alipokuwa na miaka sita na dada mtu ndiye aliyemfungia kamba za viatu. Mdomo ukajifunga.

"Niletee vipimo vya kochi," alisema.

Na akaushona. Nataka msomaji alijue hili, maana Profesa mwenyewe hakuweza kulisahau: aliushona mto ule vizuri. Aliweka sponji nene, akaweka zipu, akapitisha mshono mara mbili pembeni usije ukafumuka. Jioni mdogo wake aliubeba begani akishukuru, akaenda kulala mbali na mkewe kwa starehe.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, gauni la kijani lilikuwa bado halijakamilika. Alikuwa ameufumua mkono wa kushoto uliozidi, akashona wa kulia, akafumua tena bila sababu. Moyoni alikuwa na hesabu ya kitoto kwamba gauni lisipokwisha, mtu haondoki. Akamwasha mwalimu amalizie. "Lakini," alisema yule kijana, akiendelea alipoachwa, "kuna kutojua, na kuna kutotaka kujua. Na kuna cha tatu, kujua ukanyamaza. Hicho cha tatu usikiite ujinga. Kitafutie jina lake." Profesa alikaa na mkasi mkononi. Jina alilijua.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mama, baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wanne tu: Mama kwenye kiti chake chenye mto wa mgongo, mdogo mtu karibu na mlango, wifi kwenye kigoda ingawa viti vilikuwepo, na Profesa. Mama alianza kwa upole, na upole wa Mama ulikuwa mbaya kuliko ukali wake. Alisema hakuna anayemlaumu mtu. Alisema mwili nao una siri zake. Alisema mtoto wa watu amekonda.

"Mama," Profesa alidakia, "siku hizi kuna utafiti mpya, wanasema kwamba—"

"Profesa," Mama alimkata, "leo simu tuiache ilale."

Mdogo wake alitabasamu kidogo. Profesa akanyamaza, na akajichukia kwa namna alivyofurahi kunyamazishwa.

Ndipo wifi alipofungua mkoba wake. Alitoa futi ya manjano, imefifia, imelainika kwa kushikwa, akailaza mezani mbele ya mama mkwe na kuinyoosha kwa viganja viwili. Nyuzi nyekundu zilikuwepo bado. Pini ilisimama kwenye kumi na tisa.

"Mama, sitaki niondoke ukidhani nilizembea," alisema. "Naona haya kuyasema mbele yako. Lakini hii nimeisogeza kila asubuhi, hata siku niliyokuwa na homa. Hapa kwenye nyekundu ni siku za hatari. Tunajitenga. Mwanao analala sebuleni. Hatujakosea hata mwezi mmoja. Wifi ndiye aliyenifundisha, muulize."

Mdogo mtu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mama alivaa miwani, akainama juu ya futi, kisha akamgeukia bintiye. Ilibaki kuitikia kwa kichwa tu. Angeitikia, wifi angeondoka Jumatatu akiwa na heshima ya mtu aliyejitahidi, na siri ingekwenda naye.

"Mama," Profesa alisema, "hizo nyekundu ndizo siku za kupata mtoto."

"Dada, rudia," alisema mdogo wake.

"Ndizo siku za kupata mtoto. Zinaitwa za hatari kwa asiyetaka mimba. Kwa anayetaka, ndizo za kushika. Aliniuliza hatari kwa nini, nikajidai. Sikumweleza. Wamekosa mtoto kwa sababu yangu."

Mama akajipiga paja. "Yaani miaka miwili namsema mtoto wa watu, kumbe dume langu linalala sebuleni!" Akavua miwani, akaivaa tena, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwanangu, huendi popote. Nani kasema uende? Hebu njoo ukae kwenye kiti."

Wifi hakuhama. Hakumtazama Mama wala mumewe.

"Kibao cha nguzo ya umeme," alisema.

"Ndiyo, wifi."

"Nilicheka sana siku ile. Umejua lini?"

Jibu jepesi lilikuwa limelala mezani kando ya futi. Sasa hivi, nilipoona nyuzi. Nani angebisha? Profesa aliliona, akalitamani, na aliona pia kwamba akilichukua hataweza tena kumpima mwanamke huyu bega.

"Alhamisi ile," alisema. "Ulipopima gauni."

Wifi aliweka kidole kwenye tisa. Akakipeleka kumi, kwenye uzi, kumi na moja, kumi na mbili, bila haraka, kama anayesoma. Kilipofika kumi na tatu, mumewe akainua kichwa.

"Jumatatu nilikuja dukani," alisema.

"Ulikuja."

"Ukanishonea mto."

"Nilikushonea."

Kidole kiliendelea mpaka kumi na saba, kikavuka uzi wa pili, kikasimama kwenye pini. Wifi aliichomoa, akaikunja futi taratibu, akaiweka mkononi mwa Profesa na kumfumba vidole.

"Ile miaka miwili hukujua," alisema. "Nitaisamehe, Mungu akinisaidia. Lakini hizi siku nane, wifi, hizi ulikuwa unazihesabu pamoja nami." Akasimama. "Twende nyumbani," alimwambia mumewe, na wakaenda.

Kesho yake Profesa alipofungua duka aliukuta mto mlangoni, umeegemezwa ukutani, zipu imefungwa. Hakujua kama umerudishwa kwa hasira au kwa kuwa haukuwa na kazi tena. Huenda yote mawili. Aliuweka kwenye benchi, wateja wakaukalia, wakausifu mshono wake.

Simu siku hizo ilikaa kimya karibu na kopo la nyuzi. Mtu akimuuliza swali la tumbo alijibu, "Twende tukamwulize nesi, nami nisikie," na akafunga duka akaenda naye. Gauni la kijani alilimaliza, mkono wa kulia kulia na wa kushoto kushoto, akalitundika kwenye msumari. Alituma salamu mara tatu. Zilijibiwa kwa adabu, kama salamu za jirani.

Mwezi wa tano tangu kikao akaja mdogo wake. Alisimama mlangoni akijaribu kuuzuia uso wake usicheke, ukamshinda.

"Dada, lile gauni. Amesema ulipanue tumboni."

Profesa alikaa chini, akashika cherehani isije ikamkimbia. Alilia na kucheka, akamkumbatia mdogo wake pamoja na harufu yake ya chuma, akamuuliza miezi mingapi, akaambiwa minne. Kisha akachukua futi shingoni. "Mwambie aje nimpime. Au niende mimi, naja sasa hivi."

Kicheko cha mdogo wake kilipungua. Aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Amejipima mwenyewe," alisema.

Ilikuwa na mwandiko wa wifi yake, ulionyooka. Kifua, tumbo, kiuno, urefu, kila kimoja na namba yake. Chini kabisa, baada ya nafasi, kulikuwa na neno moja: Usikisie.

Profesa alilisoma mara mbili. Akaibandika karatasi kwa pini mbele ya macho yake, akaanza kufumua.